Reli ya Bububu: Maisha Yake, Kufa Kwake, na Jina Lisilo Lake

Hapa Lizaboni, mjini Songea, hakuna mtu aliyepata kuamshwa alfajiri na mlio wa gari la moshi. Reli haijafika katika mji huu tangu uumbwe, na watoto wetu huijua treni kwa picha na kwa masimulizi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu mmoja aliporudi kutoka matembezini Unguja, alikuwa na mengi ya kunieleza. Miongoni mwa hayo alisema: “Mwalimu, nimejifunza asili ya jina la Bububu. Hapo zamani palikuwa na gari la moshi, na lilipokuwa likipita lililia bu-bu-bu. Ndipo mahali pakaitwa hivyo.” Nikamwuliza, “Na kabla ya gari la moshi paliitwaje?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtembeza wageni hakuwaambia.

Swali hilo dogo ndilo lililozaa makala haya. Nia yangu ni kusimulia kwa ufupi habari za reli ya Bububu, jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyokufa. Kisha nichungue jina hilo kwa jicho la mwanaisimu. Nitaonyesha kwamba treni iliyowachukua wageni kutalii imekwisha kufa, lakini hadithi iliyotungwa juu yake bado ingali ikitembea. Na kwamba hadithi hiyo, ingawa yapendeza, hutunyang'anya historia mbili kwa mpigo mmoja.

Yafaa tuanze na reli iliyotangulia. Wengi hudhani kwamba reli ya Bububu ndiyo ya kwanza Unguja, lakini sivyo. Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliamuru itandikwe reli kutoka kwenye jumba lake la mjini kwenda Chukwani, upande wa kusini, mwendo wa maili 7 hivi. Hapo mwanzo mabehewa yake mawili yalikokotwa na nyumbu, yaani wale wanyama wazaliwao na punda na farasi. Mwaka 1881 Sayyid akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kwa mafundi wa Bagnall wa Uingereza. Reli hiyo haikuwa ya biashara wala ya raia. Ilikuwa chombo cha mtawala cha kumpeleka kwenye kasri yake ya mapumziko, mfano wa farasi mzuri au jahazi lililopambwa. Kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuishi baada ya mwenyewe. Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888, reli ikafa pamoja naye: njia ikang'olewa, na injini ikauzwa kama chuma chakavu.

Jambo hili tulishike, kwa maana litatufaa mbele. Reli ya kwanza ya Unguja ilikuwa ya starehe tangu siku yake ya kuzaliwa, na ilikwenda kusini. Bububu iko kaskazini.

Reli ya pili ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1905. Waliopewa idhini ya kuijenga walikuwa kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Arnold, Cheney & Co., iliyokuwa ikifanya biashara Zanzibar. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoshughulika na umeme wa taa za mji, hata watu wa Unguja wakaona njia zao zikimulikwa kwa taa za umeme wakati miji mingi ya bara ingali gizani. Reli ilianzia karibu na Ngome Kongwe, na ngome yenyewe ikatumika kuwa mahali pa kuwekea vifaa vya ujenzi. Kutoka hapo ilielekea kaskazini mpaka kijiji cha Bububu, urefu wake ukiwa maili 7, yaani kilomita 11 hivi. Ni njia ya pwani. Msafiri aendaye upande huo hupita karibu na magofu ya Maruhubi, kasri ya Sayyid Barghash iliyoungua mwaka 1899, kisha hupita Mtoni, palipokuwa na jumba la Sayyid Said bin Sultan, kabla ya kufika Bububu.

Wenyeji waliipenda reli hiyo na kuipanda. Mtu wa shamba aliweza kufika mjini na kurudi kwake siku ile ile bila ya kuchosha miguu. Lakini palikuwa na abiria wengine, na hao ndio wanaotuhusu zaidi hapa. Palikuwekwa behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli zilizotia nanga bandarini. Meli iliposimama kwa saa chache, wageni wa Kizungu walishuka, wakapanda behewa lao, wakapelekwa kutazama minazi, mikarafuu, na maisha ya shamba, kisha wakarudishwa bandarini kabla meli haijang'oa nanga. Hivyo Unguja ilikuwa na treni ya watalii tangu mwanzo wa karne ya ishirini, zamani sana kabla ya hoteli za pwani tuzionazo leo.

Kwa nini basi treni hiyo haikudumu? Mwaka 1911 kampuni iliiuza reli kwa serikali, na mwaka 1922 huduma ya abiria ikakoma. Kwa kawaida husemwa neno moja tu: motokaa. Jawabu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Motokaa iliikuta reli imekwisha dhoofu, kama upepo unavyoukuta mti ulioliwa na mchwa. Sababu za udhaifu huo naziona kuwa tatu.

Ya kwanza ni shehena. Reli huishi kwa mizigo mizito, na abiria huwa nyongeza. Mzigo mkuu wa Zanzibar ulikuwa karafuu. Lakini mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu yake mingi mno. Pemba haikuumia kwa kiasi hicho, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ikawa yatoka Pemba, nayo ilikuja mjini kwa vyombo vya baharini. Reli haiwezi kuvuka bahari. Ilitandikwa katika kisiwa ambacho mazao yake makubwa yalikuwa katika kisiwa kingine. Na karafuu zile zilizobaki Unguja zilitoka katika mashamba yaliyotawanyika ndani ya kisiwa, si katika ukanda mmoja wa pwani wa maili 7. Mwenye shamba la mbali alilazimika kwanza kupakia mzigo wake juu ya punda au gari la ng'ombe ili aufikishe Bububu. Na punda akiisha kupakiwa, si kazi kubwa kumwongoza mpaka mjini.

Ya pili ni kuhama kwa biashara. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wajerumani nao walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tazama miaka hiyo. Mwaka ule ule Unguja ilipomaliza kutandika maili zake 7, bara ilikuwa ikianza kutandika njia ya mamia ya maili. Pembe za ndovu, ngozi na bidhaa nyingine zilizozoea kupita Zanzibar kabla ya kwenda ng'ambo zikapata mlango mwingine. Reli ndogo ya kisiwani haikushindwa na motokaa tu. Ilikuwa imekwisha zungukwa na ndugu zake wakubwa wa bara.

Ya tatu ni watalii wenyewe. Mtalii wa meli ni mteja wa bahati. Akija, hulipa vizuri. Asipokuja, injini hudai makaa yake vile vile, na mfanyakazi hudai mshahara wake vile vile. Mwaka 1914 vita vikuu vilipozuka, bahari hizi zikawa za hatari. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar yenyewe na kuizamisha. Si wakati wa mtu kushuka melini kwenda kutazama minazi. Vita vilipokwisha mwaka 1918 na meli zikarejea, zilimkuta mwenye motokaa amesimama bandarini. Motokaa ilimchukua mgeni mpaka alikotaka, ikasimama alipotaka kupiga picha, ikamgojea. Treni haikuweza hayo. Mwenyeji naye akaona faida ile ile kwa kadiri ya mfuko wake, kwa kuwa gari la barabarani humshusha mtu karibu na mlango wake, na reli humshusha stesheni.

Baada ya 1922 njia haikung'olewa papo hapo. Iliendelea kwa muda kuchukua mawe ya kujazia bahari wakati wa ujenzi wa bandari mpya. Hapa pana jambo la kuzingatia. Treni iliyozaliwa ili kuwapokea wageni watokao bandarini ilimaliza umri wake kwa kubeba mawe ya kuijenga bandari hiyo hiyo. Tena katika kazi hiyo ya mwisho ndipo ilipopata ule mzigo mzito ilioukosa maisha yake yote; lakini mawe yana mwisho, na bandari ilipokwisha reli nayo ikaisha.

Sasa tuje kwenye lugha, kwa maana kila chombo kigeni kikifika kwetu huacha nyayo katika maneno. Maneno ya reli katika Kiswahili ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yaliyokuja pamoja na chombo: reli, treni, injini, stesheni, tikiti. Hayo yalivikwa irabu na matamshi yetu, yakaingia. Namna ya pili yapendeza zaidi, kwa kuwa Waswahili hawakuazima, bali walifungua ghala lao wenyewe. Neno gari lilikuwapo tayari, likiwa limetoka Bara Hindi. Wakaliongezea moshi, likawa gari la moshi. Behewa lilikuwa neno la nyumba: chumba au ukumbi wa ndani katika nyumba ya mawe. Chumba hicho kikatiwa magurudumu. Taruma lilikuwa neno la mafundi wa vyombo vya bahari, yaani mbao zitiazo nguvu ubavu wa jahazi. Leo mataruma ni yale magogo au vyuma vilazwavyo chini ya reli. Basi Mswahili alipoitazama treni kwa mara ya kwanza, hakuona kitu kisicho na mfano. Aliona nyumba ikienda juu ya mbavu za jahazi. Huo ndio ushahidi wa jinsi watu wetu walivyoipokea, nao ni ushahidi bora kuliko hadithi nyingi, kwa kuwa haukutungwa kumfurahisha mtu.

Ama jina la Bububu, hoja ya kwanza ni ya tarehe. Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani nilisoma kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, ambazo alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Katika kitabu hicho aeleza jinsi alivyokaa Bububu, na mahali hapo apataja kwa jina hilo hilo. Kitabu kilitoka miaka 18 kabla ya mwaka 1904, na mambo aliyoyasimulia ni ya kabla ya 1866. Kwa hiyo jina lilikuwa midomoni mwa watu miaka karibu 40 kabla ya treni kupita hapo. Huenda mtu akasema kwamba labda ni treni ya Sayyid Barghash ndiyo iliyotoa jina. Haiwezekani pia: treni hiyo ilianza 1879, tena ilikwenda Chukwani, kusini ya mji. Mtoto hawezi kumzaa mama yake, wala mlio wa Chukwani hauwezi kutaja Bububu.

Hoja ya pili ni ya lugha. Upande wa Bububu una chemchemi, na zamani za Sayyid Barghash maji ya upande huo yaliletwa mjini kwa mfereji. Kiswahili kina kitenzi bubujika, yaani maji kutoka ardhini kwa wingi na kwa sauti. Kitenzi hicho kina ndugu zake, tiririka na churuzika, ambavyo vyote vyaelekea kuwa vimetokana na kuiga sauti au mwendo wa maji. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya mwigo: kitu huanguka majini chubwi, mtu hukaa kimya zii, nguo huwa nyeupe pe. Mwigo ukirudiwa-rudiwa huonyesha jambo lisilokoma, na maji ya chemchemi hayakomi. Kwa hiyo yaelekea sana kuwa Bububu ni sauti ya maji. Wazee wengi wa Unguja husema hivyo hivyo, na hapa sikio la mzee na kanuni ya mwanaisimu zakubaliana. Wanaosimulia habari ya treni hawakukosea kwamba jina ni mwigo wa sauti. Walikosea mwenye sauti. Walisikia jina, wakatafuta kinachonguruma, wakasahau kinachobubujika.

Makosa ya namna hii si ya ajabu. Kila lugha ina tabia ya kulieleza jina la zamani kwa kitu kinachovutia macho au masikio ya watu wa leo. Mwanaisimu hapaswi kuyacheka, bali apaswa kuuliza yanadumu kwa sababu gani. Hadithi ya treni hudumu kwa sababu ni fupi, yachekesha, na yaweza kusimuliwa ndani ya gari liendalo kasi kabla ya kituo kinachofuata. Mtalii wa 1906 aliketi katika behewa la daraja la kwanza na kuitazama Unguja kwa saa chache. Mtalii wa leo huketi ndani ya gari na kuisikia Unguja kwa dakika chache. Chombo kimebadilika, lakini haraka ni ile ile, na haraka haitaki tarehe.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, tukisema kwamba jina limetokana na treni, twasema kwamba mahali hapo hapakuwa na jina mpaka Mmarekani alipoleta injini. Chemchemi zafutika, waliochota maji yake wafutika, na binti wa Sayyid Said aliyekaa pale afutika. Pili, na hili huwa halitazamwi, reli yenyewe nayo yafutika. Hugeuka mlio tu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeijenga, nani aliipanda, kwa nini iliuzwa 1911, kwa nini ilikoma 1922. Mlio wa bu-bu-bu huziba maswali hayo yote kama mkono uliowekwa kinywani.

Kwingineko duniani reli ndogo kama hii zilipata bahati nyingine. Katika nchi ya Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea waliishika reli ya Talyllyn, iliyokuwa imejengwa katika karne ya kumi na tisa kwa ajili ya mawe ya kuezekea, wakaiendesha wenyewe isife. Mpaka leo huchukua watalii. Tofauti si mapenzi, wala si kwamba watu wa Wales wana kumbukumbu kuliko sisi. Tofauti ni kwamba huko chuma kilikuwa bado kiko mahali pake watu walipotambua thamani yake. Unguja chuma kilikuwa kimekwisha ondoka. Kilichobaki kuhifadhiwa kwetu si chuma bali maneno, na maneno yahitaji wakusanyaji kama vile injini ihitajivyo makanika.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa kusini. Si Songea, lakini jirani zetu wa mashariki walipata kuwa na reli. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili yake wakajenga reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya Mtwara. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951 kwa kuwa karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, lakini reli ilibaki ikidai shehena isiyokuwapo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa Bububu: njia ilitangulia, mzigo haukufuata. Wale waliyo na hamu ya kuona reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, mpango uliotajwa kwa miaka mingi, wana haki ya kuwa na hamu hiyo, nami ni mmoja wao. Lakini swali la kwanza la kuuliza reli yoyote ni lile Bububu ililoshindwa kulijibu: itabeba nini siku ambayo wageni hawakuja?

Ipo tofauti moja kati ya reli hizo mbili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Aliyepanda treni ya Bububu kabla ya 1922 hayupo tena duniani kutueleza ililia vipi. Lakini aliyeipanda ile ya Nachingwea akiwa kijana wa miaka ishirini, leo ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, na baadhi yao wangalipo. Wao wajua waliitaje injini, waliitaje vituo, walitaniana vipi na wafanyakazi wa njia, na watoto waliimba nini treni ilipopita. Maneno hayo, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kimakonde, Kiyao na Kimwera, yastahili kuandikwa pamoja na jina la mahali na mwaka, kabla hayajageuka hadithi ya dakika mbili.

Mwanafunzi yule aliyeniletea habari ya Bububu ana babu yake Nachingwea. Likizo hii amekwenda kumwamkia, na ndani ya mkoba wake amechukua daftari jipya. Nimemwagiza asimwulize babu maana ya jina lolote. Amwulize kwanza alipanda lini, alikuwa akienda wapi, na alibeba nini.